Chuma cha nyonga kimemkataa mama?

SWALI: Mama yangu, miaka 74, alianguka bafuni akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Alishaanza kutembea na fremu. Sasa ni wiki ya saba, maumivu ya kinena yamerudi na mguu umekuwa mfupi. Je, mwili umekataa chuma?

JIBU: Pole sana, wewe na mama. Mwili kukataa chuma ni nadra mno. Dalili ulizotaja zinanitia shaka kwamba skrubu ya chuma hicho imepoteza mshiko. Skrubu hiyo hupita shingoni mwa mfupa wa paja na kushika kichwa chake. Mifupa ikiwa imedhoofika kwa umri, ni kama skrubu ndani ya papai bivu: kila hatua kichwa kinazidi kuinama, hadi ncha inatoboa na kukwaruza kiungo. Mahali skrubu ilipowekwa ni muhimu sana. Tangu 1995 madaktari hupima umbali wa ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa katika picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Jumla ikizidi milimita 25, hatari ya skrubu kutoboa hupanda.

Mpelekeni hospitali leo akapigwe eksirei, na mwende na picha za zamani zilinganishwe. Asiukanyagie mguu huo, na tafadhali asikandwe! Kidonda kikitoa usaha au akiwa na homa, semeni mapema, kwani maambukizi pia hulegeza chuma. Skrubu ikiwa imetoboa, mara nyingi hutolewa na kuwekwa nyonga bandia.