Mashine ya Kufyekea Nyasi: ya Petroli au ya Betri?



Katika mkutano wa mtaa wa mwezi uliopita kikundi cha kufyeka kilitoa swali ambalo halikupata jibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake. Swali lilikuwa hili: ikiwa kikundi kinaweza kupata mashine moja tu ya kufyekea nyasi, kichukue ya petroli au ya betri? Vijana walitaka ya petroli, kwa kuwa ina nguvu. Akina mama wawili walitaka ya betri, kwa kuwa haipigi kelele. Mzee mmoja akasema yeye amefyeka miaka hamsini kwa fyekeo na panga, na hajapata kuishiwa mafuta hata siku moja. Watu walicheka, lakini mzee alikuwa na hoja, nasi tutairudia.

Somo hili ni la wale wanaofyeka hapa kambini, lakini zaidi ni la wale wanaojiandaa kurudi kwao. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, nyumba nyingi za pwani yetu zimekaa bila mtu. Wewe unajua mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinavyootesha nyasi. Uwanja ulioachwa misimu miwili humfunika mtu mzima, na mikorosho hushikana na vichaka. Anayerudi hakuti uwanja wa kufagia, anakuta pori lenye nyumba ndani yake.

Kwanza, nyasi zimeficha nini?

Kabla ya kuuliza habari ya petroli au betri, uliza swali hili. Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini katika vita vya zamani, maeneo yote yaliyojulikana. Tulifurahi. Lakini vita vya sasa vimeacha vitu vipya: risasi, makombora ambayo hayakulipuka, na vilipuzi vya kutengenezwa kwa mikono. Mtu anayefyeka kwa mashine hatazami chini kama anayefyeka kwa mkono. Anaona kichwa cha mashine na nyasi zinazoruka, basi. Masikio yake yamezibwa, na mtu akimwita hasikii.

Kwa hiyo usiingize mashine yoyote katika uwanja ulioachwa kabla hujaulizia. Uliza viongozi wa mtaa, na waliotangulia kurudi: je, hapa palipiganwa? Askari au wapiganaji waliwahi kulala katika nyumba hii? Ukiona chuma usichokijua, waya uliotandazwa, au udongo uliochimbwa na kufukiwa, usiguse wala usitupie jiwe. Simama. Rudi kwa njia ile ile uliyoingilia, weka alama mbali na kitu chenyewe, kisha toa habari kwa kiongozi wa mtaa au kwa askari. Mahali pa namna hii hapana mashine inayofaa, wala fyekeo halifai.

Mashine yenyewe ni nini

Mashine tunayoisema ni mti mrefu wa chuma wenye injini upande mmoja na kichwa kinachozunguka upande wa pili. Katika kichwa hufungwa kamba ya nailoni. Aliyeibuni anaitwa George Ballas, wa mji wa Houston huko Marekani, mwaka 1971. Hakuwa fundi, alikuwa na shule ya kufundisha dansi. Aliona brashi zinazozunguka mahali pa kuoshea magari, akafikiria nyasi zilizo kwenye mashina ya miti yake. Akachukua kopo tupu, akalitoboa, akapitisha mishipi ya kuvulia samaki, akalizungusha kwa mashine. Nyasi zikakatika na gome la mti halikudhurika sana. Nawaambia hili kwa sababu wavuvi wetu huicheka ile kamba na kusema "mbona huu ni mshipi?" Ndiyo, ulianza kuwa mshipi.

Kamba hiyo hukata nyasi laini. Kwa vichaka na miti midogo mashine huwekwa kisu cha chuma, na hapo ndipo mashine ya petroli huonyesha nguvu zake. Usifunge waya mahali pa nailoni, hata ukiishiwa kamba. Waya hukatika na kipande chake huruka kama risasi. Nailoni iliyokauka nayo hukatika ovyo. Ilowekwe majini usiku mmoja kabla ya kazi, itarudi kuwa laini.

Mashine ya petroli

Uzuri wake ni kwamba inakula chakula kinachobebeka. Tangi likiisha unajaza na kuendelea, hata kama uko mbali na umeme. Kazi ya siku nzima inawezekana.

Ubaya wake uko katika chakula hicho hicho. Mashine nyingi za namna hii hazinywi petroli tupu, zinataka petroli iliyochanganywa na oili. Kitabu chake kikisema 50 kwa 1, basi lita 5 za petroli huingia mililita 100 za oili. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 200. Wenye mashine za boti wanaijua hesabu hii, lakini wasikimbilie kutumia oili ya boti. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari; hii hupozwa na upepo tu, kwa hiyo huwa moto zaidi na ina oili yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuiua mashine ya kikundi. Tulikuwa na madumu mawili ya manjano yanayofanana, moja la mchanganyiko na moja la petroli tupu ya jenereta. Asubuhi moja nikamimina bila kunusa wala kuuliza. Mashine ilifanya kazi vizuri kwa dakika chache, kisha ikalia kwa sauti nyembamba, ikasimama. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda. Fundi aliifungua, akanionyesha, akaifunga tena bila kusema neno. Tangu siku hiyo dumu la mchanganyiko tumelifunga kitambaa chekundu shingoni. Nanyi fungeni.

Mambo mengine ya petroli ni mafupi. Usijaze mashine ikiwa ya moto, wala karibu na jiko. Ukishajaza, sogea hatua kadhaa kabla ya kuiwasha. Usiiwashe ndani ya nyumba, maana moshi wake una sumu isiyonuka. Na kuanzia Juni, nyasi zikikauka, fyeka asubuhi penye umande: bomba la moshi linaweza kuwasha nyasi, na nyumba zetu ni za makuti.

Mashine ya betri

Hii haina kabureta, haina plagi, haina kuchanganya. Unabonyeza, inazunguka, unaachia, inanyamaza. Mtu asiyewahi kushika mashine hujifunza kwa saa moja. Ni nyepesi zaidi mikononi, na haikutii moshi usoni.

Lakini tufanye hesabu. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Mashine ikila wati 400 katika nyasi nene, betri imekwisha baada ya dakika ishirini na kidogo. Katika nyasi chache itafika nusu saa au zaidi. Kisha inahitaji kuchajiwa saa nzima au saa na nusu. Kikundi chenye betri moja kitafanya kazi kidogo na kukaa chini ya mwembe muda mrefu. Afadhali betri tatu, na bei ya betri tatu huweza kupita bei ya mashine yenyewe. Tena betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine.

Je, sola? Zile taa ndogo za sola tulizopewa haziwezi. Nguvu yake ni ya balbu na simu. Inatakiwa paneli kubwa, betri ya kuhifadhia na kigeuzi cha umeme. Mahali penye vifaa hivyo, kama zahanati au shule, au penye umeme wa nguzo usiokatika mno, mashine ya betri inafaa sana. Pasipo hivyo ni mti wa kutundika ukutani.

Usiichaji betri ikiwa bado ya moto kutoka kazini, wala usiiache juani au ndani ya hema la plastiki mchana. Chumvi ya bahari hula shaba za betri, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu. Betri iliyovimba itolewe nje ya nyumba, isichomwe moto wala isifunguliwe na watoto.

Jambo ambalo halimo katika kitabu

Siku ya kwanza tulipowasha mashine ya petroli nyuma ya zahanati, bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimnyakua mjukuu wake akakimbia. Akina mama wengine wakamfuata. Hakuna aliyewaambia wakimbie. Mashine hizi zikianza kuwaka hupiga mlio wa kukatakata, na kwa mtu aliyetoka Palma siku zile, mlio huo si wa nyasi. Tulimkuta bibi yule mbali, amekaa chini na ndala moja. Tulimwomba radhi, akasema, "Wanangu, mngesema tu."

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hapa kambini, karibu na zahanati, shule na nyumba, mashine ya betri ndiyo inayofaa hata ikiwa kazi itakwenda polepole, na tuna umeme wa zahanati wa kuichaji. Kwa kikundi kitakachozunguka vijijini kusafisha viwanja vya wanaorudi, mashine ya petroli yenye kisu cha chuma ndiyo yenye maana, mradi waende kwanza nyumba kwa nyumba kutoa habari siku moja kabla. Kwa familia moja yenye uwanja mmoja, mzee wetu ameshinda. Nunua fyekeo na tupa, na fedha inayobaki ununue mbegu.

Aina zote mbili huhitaji miwani ya macho, viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu. Watoto na mbuzi wakae umbali wa mita 15, kwa sababu kamba hurusha mawe. Mashine ya petroli huhitaji pia vizibo vya masikio. Piga nyasi kwa fimbo kabla ya kuingia: kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii watu, hulala kimya palepale. Wala usiache chandarua kwa sababu umefyeka. Mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama, si katika nyasi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Katika kijiji unachorudi, petroli ya karibu iko umbali gani, na oili je? Nani atalipa betri ya pili? Nani atashika ufunguo wa stoo na daftari la mafuta? Kikundi cha kufyeka kilete majibu yake katika mkutano ujao wa mtaa, na mzee aje na fyekeo lake.