Mafunzo Niliyopata kwa Giboni wa Khao Yai

Nimekulia jirani na msitu wenye mbega, nikajiona nawajua wanyama wa mitini. Siku tatu katika hifadhi ya Khao Yai, Thailand, zilitosha kunishusha, na aliyenishusha ni giboni, jamaa mdogo wa sokwe.

1. Giboni hangoji jua lizame. Siku ya kwanza niliingia msituni saa 11 jioni, kamera shingoni. Walionipokea ni ruba. Kumbe giboni huacha kula mapema na kupanda mti wa kulala jua likiwa bado juu.

2. Rangi haisemi nani dume. Nilimwona mweusi na mwenzake wa rangi ya majani makavu, nikatamka kwa kujiamini: mume na mke. Mwongozaji akacheka. Giboni wa mikono myeupe, awe dume au jike, huweza kuwa mweusi au wa rangi hafifu. Wasichokosa ni manyoya meupe juu ya mikono na miguu, na duara jeupe kuzunguka uso mweusi. Upande wa mashariki wa hifadhi hiyohiyo kuna giboni wa aina nyingine, dume mweusi, jike mweupe-kijivu mwenye kofia nyeusi. Huko ningepatia!

3. Mkono ni ndoana. Giboni hana mkia, na uzito wake ni kilo 5 hadi 7 hivi. Tawi halikumbatii, hulinasa kwa vidole vinne vilivyojikunja. Gumba limejitenga kule karibu na kifundo cha mkono. Tawi aliloliachia lilikuwa bado linatikisika, yeye keshafika mti wa tatu.

4. Nenda na masikio kwanza. Kabla ya mapambazuko dume huimba peke yake. Kukishakucha, jike hushika usukani: sauti moja ndefu inapanda, nyingine inapanda juu yake, inafika kileleni, kisha inateremka taratibu. Sekunde 20 hivi. Dume hunyamaza kumpisha, halafu humjibu kwa mtetemo. Mbega wetu, nisamehewe, hunguruma kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Huyu anaimba, na anasikika zaidi ya kilomita moja. Majirani wanaelewa: hapa pana wenyewe.

5. Kila sikio na lugha yake. Wathai humwita chani, na husema jike hulia "phua, phua", yaani mume, mume. Tangu niambiwe, sisikii kingine. Niliporudi nyumbani nilimwekea mke wangu rekodi niliyochukua kwa simu. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na huyo mume alikuwa wapi muda wote huo?"