Septiki Imejaa, au Ardhi Imekataa?

Ndani ya mwezi mmoja wa Agosti, Hajati wa Koboko, Uganda, alilipia gari la kunyonya maji taka mara mbili. Kila mara gari liliondoka limejaa, choo kikavuta vizuri kwa siku chache, kisha maji yakaanza tena kupanda chooni na bomba la bafu likagugumia usiku kucha. Aliposhauriwa aliite gari kwa mara ya tatu, alikataa. Badala yake aliagiza fundi kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mzee aliyezeeka katika kazi ya kujenga na kufufua mashimo ya septiki. Mimi niliomba kumfuata, maana nyumbani kwangu Arua choo kilikuwa kimeanza kugoma vilevile.

Fundi hakuligusa tanki kwanza. "Hajati, naomba nianzie chooni, nifuate maji yanakokwenda," alisema. "Fuata, mzee wangu," Hajati akamjibu.

Alifunua chemba iliyo karibu na ukuta wa nyumba. Hapa ndipo uchunguzi unapogawanyika njia mbili, na wengi hupoteza pesa kwa kuiruka hatua hii. Choo kikiwa kimejaa na chemba ni kavu, kizuizi kiko kati ya hapo na choo: tambara, pedi, au bomba lililovunjika. Chemba ikiwa imejaa pia, tatizo liko mbele. Ya Hajati ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Wakasogea kwenye tanki. Jambo ambalo mafundi wachache humweleza mwenye nyumba ni kwamba septiki iliyo nzima hujaa daima. Imejengwa ijae. Uchafu mzito unatua chini, mafuta na povu gumu vinaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyanywa, kiasi kilekile kilichoingia. Kwa hiyo kukuta maji ndani hakuthibitishi kitu. Cha kutazama ni bomba la kutolea: maji yanapaswa kusimama kwenye usawa wake, si zaidi. Kwa Hajati lilikuwa limezama kabisa.

Fundi alifunga kitambaa cheupe kwenye mwanzi, akauzamisha hadi sakafuni, akautoa polepole. Weusi ulipanda kiasi cha kiganja tu. Tope likifika theluthi moja ya kina cha maji, ndipo tanki linastahili kunyonywa. Hili halikuwa karibu na hapo. Akachokoa bomba la kutolea, asikute povu lililoziba. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Gari lilipokuwa linanyonya, mlisikia maji yakirudi ndani?" Hajati alisikia, kama mfereji ulioachwa wazi.

Jibu lilikuwa hilo. Shimo la kunyonyea lilikuwa limejaa hadi kwenye bomba, na kila tanki lilipopunguzwa, maji ya shimo yalirudi nyuma kulijaza. Hajati alikuwa akilipia kunyonya maji ya shimo la pili kupitia la kwanza.

Kijana mmoja wa nyumba alitaka kushuka kuangalia kuta za shimo. Fundi alimkamata mkono kwa nguvu. Ndani ya mashimo haya kuna gesi inayoua kwa pumzi chache, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Usiingie, hata shimo likiwa limekauka, hata kwa dakika moja, na usiinamishe kichwa mdomoni mwake.

Kwa nini ardhi ilikataa? Nyumba ilijengwa kwa watu watano. Tangu vita vya Julai 2016 nchini Sudan Kusini, familia nyingi zimepanga Koboko na Arua, na kwa Hajati walikuwa wakioga watu 14. Kuta za shimo zilikuwa zimefunikwa na utando mweusi wa vijidudu unaoziba vitundu vya udongo. Agosti nayo ni mwezi wa mvua nyingi West Nile, na mfereji wa bati ulimwaga maji yake yote kando ya shimo.

Mfereji ulihamishwa siku hiyo hiyo, na hilo halikugharimu chochote ila jasho. Kuchimba shimo refu zaidi fundi alikukataa, kwa sababu chini kuna mwamba na maji ya mvua, na kisima cha jirani kinahitaji angalau mita 30 za usalama. Alichagua upande mkavu wa kiwanja, ulio mbali na bonde lakini bado chini ya usawa wa bomba la kutolea. Akachimba vitundu vitatu, akavijaza maji vilale usiku kucha. Asubuhi alivijaza tena na kupima kwa rula: maji yalishuka sentimita 2.5 kwa dakika 20 hivi. Yangechukua zaidi ya saa moja, mahali hapo pangeachwa. Mtaro wa kina kifupi ukachimbwa, ukawekwa kokoto na bomba lenye matundu, ukafunikwa kwa magunia, kisha udongo. Shimo la zamani likapumzishwa.

Kwangu mambo yalikuwa mepesi. Nilifunua chemba, nikaikuta kavu. Lori lililoleta matofali mwezi uliopita lilikuwa limepita juu ya bomba na kulipasua. Tulibadilisha mita tatu, tukalilaza kwa mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, na kabla ya jua kuzama choo kilivuta. Kama ningeita gari, lingenyonya tanki lisilo na kosa lolote.

Tangu Arua iwe jiji Julai 2020, viwanja vinazidi kugawanywa vipande vidogo, na mashimo ya majirani yanakaribiana mno. Napenda kila anayenunua kiwanja apime unywaji wa udongo kabla hajachora vyumba.

Oktoba nilirudi Koboko, mvua zikiwa bado zinanyesha. Hajati alifunua tanki mwenyewe, akanionyesha maji yamesimama palepale, kwenye usawa wa bomba la kutolea.