Je, manjano huzuia saratani ya utumbo mpana?

SWALI: Baba yetu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Jirani ananihimiza ninywe manjano kila asubuhi, eti wanasayansi wamethibitisha. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kwa msiba. Maneno ya jirani yako yana chanzo, ila uthibitisho bado. Kurkumini, kiini cha manjano, imeua seli za saratani maabara na kupunguza uvimbe kwa panya. Mwaka 2011 Marekani, wavutaji sigara waliopewa gramu 4 kila siku kwa siku 30 walipungukiwa na vidoa vya utumbo vinavyoweza kutangulia saratani kwa asilimia 40. Gramu 2 hazikufaa kitu. Hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, nami hilo linanitia shaka. Jaribio lililokuwa na kundi hilo lilichapishwa 2018: wagonjwa 44 wenye polipu (vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) za kurithi, gramu 3 kwa siku, mwaka mzima. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Tena unga wa manjano una kurkumini takriban asilimia 3 tu. Tia kwenye mchuzi bila hofu, lakini vidonge vikali viepuke. Vimewahi kudhuru maini ya watu.

Kinga yako ni kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, kwani polipu hukatwa kabla hazijageuka saratani. Mtoto wa mgonjwa hushauriwa kuanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, kutegemea upi unatangulia. Tafadhali waambie na ndugu zako.