Koo la Mtoto na Moyo Wake

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa mmoja wa moyo. Ugonjwa huu hauanzii moyoni. Huanzia kooni, na mara nyingi huanza utotoni. Ukiwahi, unazuiwa kwa dawa ya zahanati. Ukichelewa, mgonjwa huenda akahitaji kupasuliwa moyo.

Mvulana aliyeshindwa kupanda mlima

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Siku moja mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka 12. Mtoto alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Kumbe alikuwa amekaa tu kwenye benchi.

"Daktari," mama alisema, "mwanangu hawezi tena kupanda mlima wa kwenda shule. Na usiku analala ameketi."

Nilimwuliza, "Mama, amewahi kuvimba magoti?"

"Ndiyo, mwaka juzi. Goti lilivimba, likapona. Kisha kikavimba kiwiko. Tulimkanda kwa maji ya moto. Tulidhani ni baridi tu."

"Na kabla ya hapo, aliumwa koo?"

Mama alifikiri kidogo. "Aliumwa. Lakini daktari, koo nani asiyeumwa?"

Nilisikiliza kifua cha mtoto. Moyo ulikuwa na mvumo, kama upepo unaopita kwenye ufa wa mlango. Siku hiyo hiyo niliandika barua ya rufaa.

Moyo unafanya kazi gani?

Moyo ni kama pampu. Ukubwa wake ni kama wa ngumi ya mwenye moyo huo. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi.

Ndani ya moyo kuna vyumba 4. Kuna pia milango midogo 4, ambayo wataalamu huiita valvu. Valvu ni kama mlango wa zizi. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga ili damu isirudi nyuma. Mlango ukiharibika, damu hurudi ilikotoka. Au mlango hukaza, damu ikapita kwa shida. Moyo hulazimika kufanya kazi kubwa kuliko kawaida. Mwishowe huchoka.

Koo linaharibuje moyo?

Yako maumivu mengi ya koo. Mengi hupona yenyewe. Lakini yako yanayoletwa na bakteria fulani. Bakteria hao huambukiza kwa kikohozi na mate, hasa pale watoto wengi wanapolala chumba kimoja kisicho na hewa.

Mwili hupigana na bakteria hao. Kwa baadhi ya watoto, mapigano hayo hukosea njia. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, mwili huanza kushambulia viungo vyake wenyewe. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Viungo hupona. Valvu za moyo huenda zisipone. Kila mara ugonjwa unaporudi, valvu huzidi kuharibika. Kwa hiyo mtoto huonekana mzima kwa miaka, kumbe moyo unaumia.

Dalili za kuangalia

Mlete mtoto zahanati ukiona haya:

1. Koo linauma ghafla, ana homa na anameza kwa shida. Tezi za shingo zimevimba. Mara nyingi hana mafua wala kikohozi.
2. Magoti, viwiko au vifundo vinavimba na kuuma. Maumivu yanahama kutoka kiungo kimoja hadi kingine.
3. Mikono au uso unachezacheza bila yeye kutaka. Wengine husema amepagawa na pepo. Mlete apimwe.
4. Anahema akifanya kazi ndogo, anakohoa usiku, au miguu inavimba. Hizi ni dalili kwamba huenda moyo umeanza kushindwa. Usingoje kesho.

Matibabu ya zahanati

Mganga akiona kwamba koo lina bakteria hao, atatoa penisilini. Inaweza kuwa sindano moja. Inaweza kuwa vidonge vya siku 10. Mtoto amalize vidonge vyote, hata kama koo limepona siku ya tatu. Kama dawa hiyo imewahi kumdhuru, mwambie mganga kabla ya kuipokea. Baada ya sindano, kaeni kidogo zahanati ili mganga amwangalie mtoto.

Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi anahitaji zaidi. Yeye huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kama alivyoandikiwa. Huendelea hivyo kwa miaka mingi. Sindano hizo haziponyi valvu iliyoharibika. Zinazuia ugonjwa usirudi kuiharibu zaidi.

Hospitali ya moyo inafanya nini?

Zamani Watanzania wengi waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko hapo hapo Muhimbili. Huduma za moyo zipo pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Mgonjwa akifika, kwanza hupimwa. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti. Daktari hupitisha kifaa juu ya kifua, na moyo huonekana kwenye kioo ukipiga. Kipimo hiki hakiumi. Kipo pia kipimo cha umeme wa moyo, na picha ya kifua.

Wengine hutibiwa kwa vidonge tu. Wengine valvu yao imekaza. Hao huweza kupanuliwa valvu kwa mpira mdogo unaopitishwa kwenye mshipa wa damu, kuanzia kinenani. Kifua hakipasuliwi. Wengine hupasuliwa. Wakati huo mashine husukuma damu badala ya moyo, na daktari hutengeneza valvu au huweka nyingine. Aliyewekewa valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara.

Safari ya huko huanzia zahanati. Chukua barua ya rufaa. Mganga akikupeleka hospitali ya wilaya, nenda, wala usisubiri mpaka miguu ivimbe. Kama huna fedha, muulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Madaktari wa moyo pia huenda mikoani kupima watu. Tangazo lao likifika kijijini, msilipuuze.

Akina mama wajawazito

Mimba huongeza kazi ya moyo. Mwanamke aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo, au anayehema sana, aseme mapema kliniki. Ni vizuri zaidi aonane na daktari kabla ya kushika mimba.

Mvulana wetu yuko wapi?

Mvulana yule alifika Dar es Salaam na mama yake. Alipasuliwa, valvu ikatengenezwa. Alirudi kijijini akiwa anatembea bila kuhema. Kila wiki ya nne alikuja kuchomwa sindano.

Ulipofika wakati wa mavuno, hakuja. Mwezi wa pili hakuja tena. Nilichukua baiskeli nikaenda kwao. Nilimkuta amebeba gunia la mahindi.

"Daktari," mama alisema, "si unamwona? Amepona."

Nilimjibu, "Mama, ninamwona. Hata mwaka juzi goti lilipopona ulimwona hivi hivi."

Mama alinyamaza. Kesho yake asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni kwa zahanati. Tangu siku hiyo hajakosa. Tarehe za sindano ameziandika kwa mkaa ukutani, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni mwangalie mtoto wako. Muulize kama koo linamuuma.

Maswali ya kujadili darasani

1. Ugonjwa huu wa moyo huanzia wapi?
2. Kwa nini mtoto amalize vidonge vyote?
3. Kwa nini sindano huendelea hata mtoto akionekana mzima?
4. Je, kijijini kwenu yuko mtoto anayehema akipanda mlima? Mtamsaidiaje kufika zahanati?