Haibridi ya mtumba: diski za breki zikaguliwe kabla ya malipo

Mfanyabiashara wa Tabora anayetafuta haibridi ya mtumba, kama Toyota Prius, huambiwa kuwa breki zake hazichoki. Ni kweli nusu. Dereva akikanyaga breki, mota ya umeme ndiyo hupunguza mwendo kwanza na kurudisha chaji kwenye betri. Pedi hubana diski kwa nguvu pale breki kali inapohitajika au gari linapokaribia kusimama. Pedi hudumu, lakini diski isiyosuguliwa huota kutu, hasa gari likilala nje msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili.

Anayefuata njia ya misafara ya karne ya 19, Tabora hadi Ujiji, ana safari ndefu mno ya kubahatisha. Mnunuzi adai magurudumu yavuliwe. Kutu nyembamba ya asubuhi hufutika kwa kushika breki mara chache, mashimo hayafutiki. Unene upimwe kwa maikromita na kulinganishwa na kipimo cha chini kilichochapwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imepungua, hubadilishwa zote mbili, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Gharama hiyo ikatwe kwenye bei ya gari.

Fundi naye aangalie: pampu ya breki ya Prius huweza kujiwasha gari likiwa limezimwa, mlango ukifunguliwa tu. Pedi zikiwa nje, pistoni husukumwa na vidole huumia. Ufunguo uwekwe mbali, na kitabu cha gari kifuatwe, kabla kalipa haijaguswa.