Dondoo muhimu: Umerithi shamba Njombe? Soma kabla ya kupanda parachichi

Anza na karatasi. Nenda ofisi ya kijiji pamoja na majirani wa mpakani, ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila kabla hujanunua hata mche mmoja. Ugomvi wa ndugu huanza miti ikishazaa.

Pima udongo, kisha chagua mteremko. Parachichi halivumilii maji yanayotuama, mizizi huoza. Bondeni weka mboga.

Nunua miche ya Hass iliyobebeshwa. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari huingia miti kama 80, nayo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kungoja huku ndiko kunakowavunja moyo vijana wengi, na dawa yake ni maharage: yapande katikati ya mistari, mbali na mashina, hela ya palizi na samadi itoke humo. Viazi na nyanya usichanganye kamwe, maana huambukizana na parachichi ugonjwa wa mnyauko.

Dalali akija mapema na gari, mkatalie. Tunda changa husinyaa badala ya kuiva. Uza kwa kilo, mizani ukiiona kwa macho yako.